Kutuliza ukali wa sauti za juu kwenye Sennheiser HD 800: uchambuzi wa kisa

Hedifoni zenyewe ni Sennheiser HD 800 za toleo la kwanza, zile za rangi ya fedha zilizotoka mwaka 2009. Zinaendeshwa na amplifaya ya transista yenye ukinzani wa pato usiofika ohm 1, na muziki unatoka kwenye kompyuta kupitia DAC ya kawaida (kifaa kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa mawimbi ya umeme). Malalamiko ya mwenyewe ni haya: kila "s" ya mwimbaji inachoma masikio, matoazi yanaruka mbele ya ala nyingine zote, na baada ya nusu saa hamu ya kusikiliza inakwisha ingawa sauti haikuwa kubwa. Kuziuza hataki, kwa kuwa ule upana wa sauti, na namna kila ala inavyokaa mahali pake, hajaupata kwingine. Amekwisha nunua waya mpya wa shaba na ukali umebaki palepale. Sasa anapiga hesabu ya amplifaya ya valvu.

Hiyo ya valvu aiache kwanza. Ukali wa hedifoni hizi una anwani inayojulikana: ni mwinuko mwembamba ulio karibu na 6 kHz (mitetemo 6,000 kwa sekunde), ambao kwa kawaida umepanda desibeli 4 hadi 6 juu ya masafa yaliyo jirani nao. Anayeuondoa huo peke yake, bila kugusa sauti zilizo juu na chini yake, anabaki na hedifoni zilezile alizozipenda. Anayepunguza sauti za juu zote kwa mkupuo anapoteza kilichomfanya azinunue, na bado mwinuko utabaki umesimama juu ya majirani zake kama ulivyokuwa.

Chanzo chake kiko ndani ya kikombe. HD 800 ina spika ya umbo la pete yenye kipenyo cha milimita 56, imeinamishwa mbele ya sikio ndani ya kikombe kipana sana. Urefu wa wimbi la 6 kHz hewani ni takriban milimita 57. Kwa hiyo katika masafa hayo wimbi lina ukubwa unaokaribiana na spika, na kikombe, na nafasi iliyopo kati ya spika na sikio. Hapo ndipo sauti inapopata pa kugonga na kurudi, na baadhi ya masafa hubaki yakivuma kwa muda mfupi baada ya noti kwisha. Sennheiser wenyewe walilishughulikia jambo hilo: HD 800 S ya mwaka 2016 ina kifyonza sauti kilichowekwa katikati ya pete ya spika, mbinu waliyokuwa wameshaitumia kwenye hedifoni ndogo za IE 800. Tutakirudia hicho kifyonza, kwa sababu anayependa kazi ya mikono anaweza kutengeneza cha kwake.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha ukali hautoki kwingine. La kwanza la kukagua ni ukataji wa mawimbi ndani ya programu ya muziki au ya kompyuta, yaani pale sauti ya dijitali inapogonga dari. Punguza sauti ndani ya programu kwa desibeli 6, kisha ongeza kwenye amplifaya mpaka irudi kiasi kilekile. Ukali ukipungua, tatizo halikuwa hedifoni. La pili ni rekodi. Nyimbo nyingi zimepikwa kwa ukali tangu studio, na hakuna haki ya kuzihukumu hedifoni kwa albamu moja. Tumia rekodi tatu au nne za waimbaji tofauti, ikiwemo moja ya sauti tupu ya mtu anayezungumza. La tatu ni mito inayozunguka masikio. Mito iliyokwisha kulala huleta sikio karibu na spika na kubadilisha pembe yake, na badiliko la milimita chache linatosha kuhamisha mambo katika masafa haya. Kama mito imechakaa, nunua mipya kwanza ndipo urekebishe, la sivyo utafanya kazi hiyo mara mbili.

Kuikagua amplifaya hakuhitaji muda mrefu. HD 800 hutoa takriban desibeli 102 kwa volti 1, hivyo kusikiliza kwa desibeli 80 kunahitaji chini ya volti 0.1. Hakuna amplifaya nzima inayoshindwa hapo.

Sasa tafuta anwani kwa masikio yako mwenyewe. Kipimo cha haraka ni usemi wa mtu. Katika "sh" ya "shairi" nguvu kubwa iko chini, kati ya takriban 2.5 na 4 kHz. Katika "s" ya "sasa" iko juu zaidi, karibu 5 hadi 8 kHz, na kwa kawaida sauti za wanawake huwa juu kuliko za wanaume. Kinachochoma kikiwa "s" lakini si "sh", unatafuta kati ya 5 na 8. Vyote viwili vikichoma, shida imeanza chini zaidi na si ile tunayoizungumzia hapa. Na kama usemi ni safi ila matoazi yanasikika kama mchanga, angalia 8 hadi 10 kHz.

Baada ya hapo chukua programu ya kutoa toni na uanze kwa sauti ndogo. Sisitizo hili si la bure, maana toni tupu ikifika kwenye mwinuko huruka ghafla na inaweza kuumiza sikio. Weka 3 kHz kwa kiwango cha chini kinachosikika vizuri, kisha panda polepole hadi 10 kHz. Andika mahali inaporuka na mahali inapozama. Ukifika penye mruko, sogeza kikombe milimita tatu mbele, kisha nyuma. Mruko ukihama pamoja na kikombe, au ukitoweka, umetokana na umbo la sikio lako na namna ulivyovaa. Huo usiuwekee kichujio kikali, kwa sababu kesho utavaa tofauti kidogo. Mruko ukibaki palepale hata ukisogeza, ni wa hedifoni. Katika HD 800 ule wa karibu na 6 kHz hubaki. Yaliyo juu ya 8 kHz huhamahama.

Rudia kila sikio peke yake. Halafu badala ya toni tumia kelele nyembamba, ya upana wa theluthi moja ya oktava, ulinganishe 4.5, 6 na 7.5 kHz. Toni tupu hukuza kila kijibonde na kijilima. Kelele nyembamba iko karibu zaidi na vile muziki unavyosikika. Lengo hapa si kufanya masafa yote yasikike kwa nguvu sawa, kwani sikio la binadamu halikuumbwa hivyo. Unachotafuta ni kuondoa mruko wa ghafla kati ya majirani.

Wengi huruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye grafu za vipimo. Grafu zina faida yake, mradi ujue zinapoishia. Kifaa kinachotumika sana kuiga mfereji wa sikio, kile kinachofuata kiwango cha IEC 60318-4, kimekusudiwa kuiga sikio hadi 10 kHz. Juu ya hapo kina mvumo wake chenyewe, karibu na 13 kHz, usio wa hedifoni yoyote. Kichwa bandia cha Brüel & Kjær 5128 kinapanda hadi 20 kHz, lakini hata hicho ni sikio moja la wastani, na wewe si wastani. Katika 6 kHz grafu na masikio ya wengi hukubaliana. Kwenye 9 kHz, bonde la desibeli 8 unaloliona huenda halipo kabisa kichwani mwako, na ukilijaza kwa ikwalaiza (kirekebisha sauti kwa masafa) utakuwa umejiundia ukali mpya.

Kuna kosa jingine la grafu ambalo hurudi kila mara. Kwenye grafu ghafi, isiyolinganishwa na mstari wowote wa lengo, utaona kilima kikubwa karibu na 3 kHz. Mgeni hukiona na kukikata. Kilima hicho kinatakiwa kuwepo: mfereji wa sikio wenye urefu wa takriban sentimita 2.5 huvuma wenyewe karibu na 3 kHz, na ubongo wako umeishi nao tangu uzaliwe. Kikiondolewa, sauti za waimbaji hurudi nyuma na kuwa kama zinatoka chumba cha pili, na kwa kulinganisha ule mwinuko wa 6 kHz utazidi kuonekana.

Ikwalaiza ndiyo dawa ya kwanza, kwa sababu haigharimu kitu na inafutika kwa kubofya. Lazima iwe ya aina ya parametriki, inayokuruhusu kuchagua masafa, kiasi na upana. Ile ya vitufe kumi vya kupandisha na kushusha haina kitufe mahali unapokihitaji. Kwenye Windows, programu ya Equalizer APO inatosha kabisa. Baadhi ya DAC, kama RME ADI-2 DAC, zina ikwalaiza ya namna hii ndani yake, na hapo hata kompyuta haihitajiki. Mahali pa kuanzia ni hapa (Fc ni masafa, Gain ni kiasi, Q ni wembamba wa kichujio; LSC hugusa yote yaliyo chini ya Fc, PK hugusa yaliyo karibu na Fc tu):

Preamp: -4.0 dB
Filter 1: ON LSC Fc 105 Hz Gain 3.5 dB Q 0.70
Filter 2: ON PK Fc 6000 Hz Gain -5.0 dB Q 4.00

Tuanze na kichujio cha pili, ndicho kiini. Q ya 4 kwenye 6 kHz ina maana upana wa takriban Hz 1,500: kwenye 5.3 na 6.8 kHz kinakata nusu tu ya desibeli zile 5, na kufikia 10 kHz athari yake ni ndogo mno kusikika. Weka Fc mahali masikio yako yalipokuonyesha, hata kama ni 5,700 au 6,300. Njia nzuri ya kuhakiki ni kugeuza kichujio kwa muda kiwe cha kuongeza desibeli 3, kwa sauti ndogo, kisha kusogeza Fc huku mtu akizungumza kwenye rekodi. Pale "s" inapochukiza kuliko popote pengine ndipo penyewe. Rudisha alama ya kutoa, kisha tafuta kiasi. Anza na -3, kisha zidisha ukataji kwa nusu desibeli kila hatua. Ukifika mahali ambapo mwimbaji anasikika kama ana kithembe, umepitiliza. Rudi nyuma desibeli 1.

Q ikiwa ndogo mno, tuseme 1, kichujio kinakula kuanzia takriban 3.7 hadi 9.7 kHz, na fidla zinapoteza nyuzi zake. Ikiwa kubwa mno, kama 8, inatengeneza tundu jembamba katikati ya mwinuko na kuacha mabega yake yote mawili. Kati ya 3 na 5 ndiko kazi iliko.

Kichujio cha kwanza kinaongeza besi, na wengi huuliza besi inahusu nini wakati malalamiko ni ya sauti za juu. Inahusu sana. Sikio hupima ukali kwa kulinganisha na uzito ulio chini. HD 800 ni nyepesi upande wa chini ukilinganisha na utafiti wa kampuni ya Harman, ambako Sean Olive na Todd Welti waliwapima wasikilizaji na kukuta wengi wanapendelea besi iliyoinuliwa chini ya takriban Hz 100. Desibeli 3 au 4 za besi hutuliza ukali kwa kiasi kinachoshangaza, na mara nyingi zitakuruhusu kukata desibeli 4 badala ya 6 kwenye mwinuko. Mstari wa Preamp unashusha sauti yote ili nyongeza hiyo isigonge dari ya dijitali. Ukiondoa kichujio cha besi, Preamp haina kazi, kwa maana kichujio kinachokata tu hakihitaji nafasi ya juu.

Kuna hofu kwamba ikwalaiza inashusha kiasi tu, wakati mvumo wenyewe unaendelea kulia. Kwa mwinuko wa aina hii hofu hiyo haina msingi mkubwa. Hedifoni, katika sehemu kubwa ya masafa yake, hufuata tabia ambayo kiasi na muda vinakwenda pamoja. Kichujio cha kawaida cha parametriki kina tabia hiyohiyo iliyogeuzwa. Kikiwekwa kwenye masafa sahihi kwa upana sahihi, kinafupisha na mvumo pia. Kikikosea kwa Hz 500, hakifupishi kitu, unapata mwinuko nusu na bonde pembeni yake. Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na Fc kuliko kuhangaika na Gain.

Wapo wasioweza kutumia ikwalaiza: anayesikiliza sahani za santuri, au mwenye mashine ya kucheza muziki isiyo na nafasi ya vichujio. Huyo anageukia vifaa vya kufyonza. Rahisi kuliko vyote ni felti ya sufu ya unene wa milimita 2 hadi 3, inayobandikwa kwa utepe wa pande mbili unaobanduka, juu ya sehemu ngumu inayoizunguka spika ndani ya kikombe. Toa mto taratibu, chora kiolezo kwenye karatasi, kata felti mbili zinazolingana, bandika bila kufunika spika yenyewe wala matundu ya hewa. Usibonyeze kiwambo cha spika hata kwa kidole. Mkunjo mdogo tu huleta mkwaruzo usiotoka tena. Vipande vya kushoto na kulia visipofanana, mwimbaji atahama kutoka katikati, na utajua hilo ndani ya dakika moja.

Felti ina udhaifu mmoja ambao wauzaji wa vifurushi vyake hawautaji. Vifyonzaji vyenye matundu madogo hufanya kazi vizuri zaidi kadiri masafa yanavyopanda, na huwa na nguvu kamili pale unene unapokaribia robo ya urefu wa wimbi, ambayo kwa 6 kHz ni milimita 14. Felti ya milimita 3 iliyobandikwa kwenye ukuta mgumu itafyonza 10 kHz kuliko 6 kHz. Ukirundika felti ukitafuta kuua mwinuko, unaua kwanza ile hewa ya juu, na mwinuko unabaki umepungua kidogo tu. Safu moja inatosha. Ya pili ni hasara.

Chenye shabaha ni chumba cha Helmholtz, yaani kichumba kidogo chenye tundu, kinachofyonza masafa yake tu. Hesabu yake ni hii: masafa ni sawa na kasi ya sauti ikigawanywa kwa mara mbili ya pai, kisha mara kipeuo cha pili cha eneo la tundu likigawanywa kwa ujazo mara urefu wa shingo. Chukua kibao cha unene wa milimita 1.5 chenye tundu la kipenyo cha milimita 3. Eneo ni milimita mraba 7.07. Urefu wa shingo si 1.5, kwa sababu hewa iliyo nje na ndani ya tundu hushiriki, ongeza 0.85 ya nusu kipenyo kila upande, upate takriban 4.05. Kwa 6 kHz ujazo unaohitajika ni milimita za ujazo 146 hivi, sawa na kikopo cha kipenyo cha milimita 8 na kina kisichofika 3. Kinatosha kwenye nafasi iliyo katikati ya pete ya spika, na ndipo wapenzi wa hedifoni hizi walipoweka vyao vya kuchapwa kwa printa ya 3D hata kabla ya HD 800 S kutoka. Usahihi ni muhimu: tundu likiwa milimita 2.5 badala ya 3, masafa yanashuka hadi 5.3 kHz, na kifaa kinakula mahali pasipo na shida. Kitambaa chepesi ndani ya shingo hupanua ufyonzaji na kusamehe makosa madogo.

Karatasi laini ya chooni mbele ya spika ni mbinu ya zamani. Mafundi wa studio waliifanya kwenye spika za Yamaha NS-10M, zilizotoka 1978 na kusifika kwa ukali wake, na mwaka 1987 Yamaha wakatoa NS-10M Studio yenye sauti za juu zilizotulizwa. Kwenye hedifoni inafanya kazi kwa kiasi, lakini inashusha kila kitu kilicho juu, na karatasi za aina mbili hazitoi matokeo yanayofanana. Itumie kwa dakika kumi kama kipimo cha kujua kama kweli unataka sauti za juu zipungue, kisha iondoe.

Turudi kwenye waya na valvu, kwa sababu fedha nyingi hupotelea huko. Waya wenye ukinzani wa ohm 0.5 mbele ya hedifoni za ohm 300 hupunguza sauti kwa desibeli 0.014, na hupunguza karibu sawasawa kila mahali. Hauwezi kuchagua 6 kHz. Amplifaya ya valvu isiyo na transfoma kwenye pato, tuseme yenye ukinzani wa pato wa ohm 120, inabadilisha kitu kweli, ila si hicho. Ukinzani wa HD 800 hupanda zaidi ya ohm 600 karibu na Hz 100, kwa hiyo sehemu hiyo inapoteza nguvu kidogo kuliko nyingine, na matokeo yake ni besi iliyoinuka takriban desibeli 1.5. Msikilizaji anaiita joto, na ukali unaonekana kutulia kwa sababu ileile ya besi tuliyoieleza. Mwinuko wa 6 kHz upo palepale. Kichujio cha kwanza cha Equalizer APO kinafanya zaidi ya hapo bila gharama.

Kwa kisa hiki, basi, mpangilio ni mito mipya kama ya zamani imelala, kisha vichujio viwili, na chumba cha Helmholtz ikiwa tu anasikiliza santuri pia. Akiweka chumba, kichujio cha 6 kHz akizime na kutafuta kiasi upya, maana vyote viwili kwa pamoja huacha shimo. Ajipe siku kadhaa za kusikiliza na vichujio vikiwa vimewashwa, kwani sikio lililozoea ukali huona usawa kama ufifi siku ya kwanza. Baada ya hapo avizime katikati ya wimbo anaoujua, kwa sauti iliyolinganishwa. Kama bado kuna kinachomkera kwenye matoazi, aongeze kichujio cha tatu mahali toni ilipomwonyesha kati ya 8 na 10 kHz, kisichozidi desibeli 2 wala Q ya 2, na akikague upya kila anapobadilisha mito.